Nguzo ya Sita

Jalada lilirudi kutoka kwa mwendesha mashtaka likiwa na swali moja tu, limeandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa tatu: "Hema lilipigwa wapi hasa, na kwa nini pale?"

Inspekta alilisoma mara mbili akiwa bado amesimama. Miaka kumi na minne ya upelelezi, na leo anarudishiwa jalada kwa swali ambalo hata kuruta wa chuo cha polisi angeliuliza siku ya kwanza. Alilifunga, akamwita Koplo, wakaondoka kabla birika la ofisi halijachemka.

Kesi yenyewe alikuwa ameiona nyepesi. Kambi ya mapumziko kando ya mto, katikati ya msitu, mahema kumi na mawili. Jumatano iliyopita, saa moja na robo asubuhi, mvua iliyonyesha milimani iliteremka kwa mkupuo, mto ukafurika kwa dakika chache na kulizoa hema namba saba pamoja na fundi saa aliyekuwa amelala ndani. Mwili ulipatikana mchana, kilomita mbili chini ya mto. Kambi ina mlinzi, mzee ambaye kila mtu humwita Babu Filimbi, na kazi yake kubwa ni kukaa kwenye kona ya juu ya mto na kupuliza filimbi akiona maji yanapanda. Wageni watatu walisema hawakusikia filimbi. Shemeji ya marehemu, aliyekuwa naye hema moja, akasema hakusikia filimbi. Mzee akasema alipuliza mpaka mbavu zikamuuma. Mmoja dhidi ya wanne; wengine hakuona haja ya kuwahoji. Inspekta alimfunga pingu mbele ya wageni na mbele ya mkewe, ambaye ndiye mpishi wa kambi, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Usingizi wako umeua mtu, mzee."

Siku sita sasa mzee yuko mahabusu.

Meneja wa kambi aliwapokea langoni. Alikuwa mwembamba, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali hata ikiwa mikavu.

"Karibuni, afande. Nilidhani yameisha."

"Na mimi nilidhani hivyo," Inspekta alisema. "Tupeleke pale lilipokuwa hema namba saba."

Mto ulikuwa umetulia, umekunja mkia kama si wenyewe. Maji yalipita chini ya miti mikubwa, yakikatwa na mawe meusi, na mahali pale palipendeza kiasi kwamba mtu angeelewa kwa nini watu hufunga safari kuja kulala juu ya ardhi ngumu wakati nyumbani wana vitanda. Kati ya mahema na mto ulipita mstari wa nguzo nyeupe kumi, zinazofika kiunoni, kila moja na kibao: USIPIGE HEMA KUPITA HAPA. Hema namba saba lilikuwa mbele ya nguzo ya sita, upande wa ndani, upande wa salama. Ndiyo maana siku ile Inspekta hakujisumbua. Aliangalia nguzo, akaangalia alama za hema, akaandika "ndani ya mpaka," akaenda kumtafuta mlinzi.

Koplo alikuwa kijana wa maneno machache. Alisimama kwenye nguzo ya kwanza, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Afande, hii ya sita imetoka."

"Ukingo wenyewe umepinda hapo."

"Umepinda, ndiyo. Lakini si hivyo."

Walivuta kamba kutoka nguzo ya tano hadi ya saba. Ya sita ilikuwa mbele ya kamba hatua kumi na moja, kuelekea majini. Inspekta alichuchumaa. Nguzo nyingine zote zilikuwa na kuvu ya kijani upande wa msituni, penye kivuli. Ya sita ilikuwa na kuvu upande wa mto, kwenye jua. Kuvu haihami. Nguzo ndiyo iliyohama, tena hivi karibuni, maana kuvu yenyewe ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Kisha akaona kitu kingine. Nguzo ya sita ilikuwa na mstari wa tope la mafuriko unaomfikia mtu gotini. Aliinuka, akazikagua nguzo tisa zilizobaki moja baada ya nyingine. Safi. Maji hayakufika kwenye nguzo nyingine yoyote. Mpaka ule ulikuwa umepimwa vizuri na mtu aliyeujua mto. Angelala nyuma yake mtu yeyote siku ile, angeamka, akanawa uso, akanywa chai.

"Tope hili lilikuwepo siku ile?" Koplo aliuliza.

"Lilikuwepo. Nililiona."

Koplo alitoa kamera. Alianza kupiga picha.

Shimo la zamani walilipata pale pale kamba ilipopita, limefunikwa na pande la nyasi lililokatwa kwa ustadi na kurudishiwa mahali pake. Nguzo ilipong'olewa ilitoka kwa taabu. Chini ilikuwa imekazwa kwa mawe matatu yaliyopangwa kwa pembe, kila jiwe likilisukuma jenzake. Ndiyo maana iliyahimili mafuriko. Aliyeihamisha hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ghalani, nyuma ya ofisi ya Meneja, walikuta mtaimbo umeegemezwa ukutani, nchani una rangi nyeupe iliyokwaruzwa. Meneja alipouona mikononi mwa Koplo, alifuta mikono yake kwenye suruali mara tatu.

Hapo mambo yalijipanga yenyewe. Nguzo ikisogezwa, kiwanja cha hema kinakuwa karibu na maji, na wageni wote hutaka kulala karibu na maji. Ghala ni la Meneja, ufunguo ni wa Meneja, na jasho lile lilikuwa la Meneja. Inspekta alihisi mkono wake ukishuka kwenye mkanda, zilipo pingu, na ulimi wake tayari umeshika maneno: *Wewe ndiye uliyeihamisha nguzo, sivyo?*

Akaumeza ulimi. Aliikumbuka vizuri hiyo "sivyo"; ndiyo aliyowauliza nayo mashahidi Jumatano.

"Huu mtaimbo," alisema polepole. "Nieleze habari zake."

Meneja alitazama chini. "Nilimwazima mtu, afande. Si ruhusa kuwaazima wageni vyombo vya kambi. Nikaogopa kusema."

"Ulimwazima nani?"

"Yule mrefu. Shemeji wa marehemu. Jumanne jioni. Alisema kiwanja kina jiwe, linamsumbua mwenzake mgongoni. Aliurudisha kabla ya chakula, ameuosha kabisa. Nikamwona muungwana."

"Anafanya kazi gani huyo bwana?"

"Mpima ardhi."

Koplo alimtazama bosi wake. Kwenye jalada, kwenye nafasi ya kazi ya shahidi namba nne, palikuwa patupu. Inspekta hakuwa ameuliza.

"Yupo hapa leo," Meneja akaongeza. "Amekuja kuchukua vitu vya marehemu vilivyookotwa mtoni. Yuko chini ya turubai la kulia chakula, anasubiri mke wa mzee amkunjie nguo."

Inspekta hakwenda moja kwa moja. Alipitia jikoni kwanza.

Mpishi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alimwona Inspekta mlangoni, akaendelea kuchambua. Mama wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na mikono isiyotetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Neno lilitoka kwa sababu ni adabu, basi.

"Nimekuja kukuuliza kuhusu Jumatano asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulisikia nini?"

Mpishi aliuweka ungo chini. "Nilisikia filimbi ya mume wangu. Mara ya kwanza ndefu, kisha fupi fupi, kisha ikawa haikatiki. Nikatoka na mwiko mkononi."

"Siku ile hukuniambia, mama."

"Hukuniuliza, afande. Ulikuja hapa mlangoni ukaniambia, 'Mume wako alikuwa amelala.' Uliniambia. Kisha ukageuka."

Inspekta alilifungua jalada ili apate pa kuyaweka macho. "Wageni watatu walisema hawakusikia."

"Wale wa kutazama ndege?" Mpishi alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. "Waliondoka hapa saa kumi na moja alfajiri na darubini zao, nikawafungia mayai ya kuchemsha. Walikuwa ndani ya msitu, ng'ambo ya kilima. Wangesikia nini? Walirudi watu wanalia tayari."

Ukurasa ulikuwa wazi mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa kuinamia kulia. *Swali: Hamkusikia filimbi yoyote, sivyo? Jibu: Hatukusikia.* Ukweli mtupu. Hakuna hata mmoja aliyemdanganya. Alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni, na jiko halikuwa limewashwa.

"Mume wangu ana ugonjwa wa kifua," mpishi alisema, akarudi kwenye mchele wake. "Huko mlikomweka kuna baridi?"

"Kuna baridi, mama."

"Nilileta blanketi Alhamisi. Wakasema mpaka mkubwa aruhusu."

Mkubwa ni yeye. Blanketi alikuwa amelikuta kaunta siku hiyo, akauliza ni la nani, akaambiwa, akasema litaangaliwa baadaye. Alilifunga jalada lake. Alitoka.

Walifanya jaribio kabla ya kumfuata mpima ardhi, kwa sababu safari hii alitaka awe na jambo analolijua kabla hajafungua mdomo. Koplo alipanda hadi kwenye kona ya mto, kwenye kibanda cha mlinzi, na filimbi ya trafiki. Inspekta alisimama kwenye shimo la zamani la nguzo ya sita. Filimbi ikaja, nyembamba lakini dhahiri, ikipita juu ya kelele za maji. Kisha akatembea zile hatua kumi na moja, akajilaza kifudifudi pale hema lilipokuwa. Hapo ukingo unashuka, jiwe kubwa linakinga upande wa juu, na mkondo unagonga mawe pale pale mbele ya uso. Alihesabu dakika mbili kwenye saa yake. Hakusikia chochote ila maji. Na leo mto ulikuwa mpole.

Aliinuka na majani kifuani. Kwa mbali aliona mashavu ya Koplo yamevimba. Bado alikuwa akipuliza.

Mpima ardhi alikuwa mrefu kweli, mabega yameinama, ameketi kwenye benchi na mkoba wa turubai mapajani. Ndani ya mkoba palikuwa na viatu vya marehemu na miwani ya kioo kimoja, ile ambayo mafundi saa huibana jichoni.

Inspekta alikaa benchi moja naye, si mbele yake. Koplo akatoa kalamu.

"Nimekuja kukusikiliza," alisema. "Anza Jumanne mchana. Nitaandika unavyosema, sitakukatiza."

Yule bwana aliutazama mto.

"Mmeona nguzo," alisema.

Inspekta alimwashiria aendelee.

"Shemeji yangu amekaa miaka thelathini ndani ya duka la saa. Ukutani saa arobaini, zote zinagonga. Alikuwa anasema hata usingizini anazisikia. Mwezi uliopita akafunga duka, macho yamechoka. Dada yangu akaniambia, mpeleke mahali akapumzike. Nikamleta hapa." Alifungua mkoba, akaufunga tena. "Tulipopiga hema akasema, 'Shemeji, kama ningelala pale kwenye mawe, maji yangezifuta zile saa kichwani.' Basi. Alisema mara moja tu, wala hakuniomba. Lakini kibao kilikataza, na mlinzi alikuwa mkali. Alishatuonya mara mbili."

"Kisha?"

"Kazi yangu ni kuweka mipaka, afande. Nimekwenda mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya watu wanaosogeza mawe ya mipaka. Nikaona ni hatua chache tu, kwa siku mbili, nitairudisha kabla ya kuondoka. Mzee akipita ataona hema liko ndani ya nguzo. Nikaikaza vizuri, kwa sababu sijui kuikaza vibaya."

"Jumatano asubuhi."

"Niliamka, nikapanda juu kutafuta kuni. Nikasikia filimbi."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Uliisikia," Inspekta alisema.

"Vizuri sana. Nikafikiri, mzee ameona nguzo. Nikafikiri ananipulizia mimi." Aliukaza mkoba mapajani. "Nikajificha nyuma ya mti, afande. Mtu mzima mimi, nikajificha kama mwizi wa mahindi. Nikasimama pale nikiona aibu wakati maji yanateremka. Nilipotambua, nikakimbia. Hema halikuwepo."

Chini yao mto uliendelea na safari yake.

"Siku ile ulisema hukusikia."

"Wewe ulikuja umeshamaliza," mpima ardhi alisema, bila hasira, kama anayesoma ramani. "Uliniambia, 'Pole sana, mlinzi alilala, hukusikia filimbi, sivyo?' Na mimi nilikuwa natafuta pa kukanyaga. Ukanipa. Nikaitikia. Nilijiambia kesho nitasema. Kesho ikawa mazishi. Dada yangu analaani mlinzi mchana kutwa, na mimi namshika mkono."

Inspekta alitaka kusema kwamba kosa la shahidi ni la shahidi. Sheria iko hivyo. Badala yake aliyapokea maelezo kutoka kwa Koplo, akayasoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sehemu inayomhusu yeye, neno kwa neno. Mpima ardhi akatia sahihi.

"Tutakwenda kituoni," alimwambia. "Utakaa kiti cha mbele. Njiani tutapita kwa dada yako. Hilo utalisema wewe mwenyewe, mimi nitasubiri nje."

"Naweza kusema kesho?"

"Hapana."

Babu Filimbi aliachiwa saa tisa alasiri. Siku sita zilikuwa zimemfundisha kukaa mahabusu: ameegemea ukuta usiopata unyevu, viatu bila kamba, mikono mapajani. Inspekta alimwambia askari wa zamu aondoke, akaingia mwenyewe, akachuchumaa ili nyuso zao zilingane.

"Mzee, ulipuliza. Nimethibitisha. Nguzo ilihamishwa, hema lilikuwa mahali ambapo sauti haifiki. Nilikosea. Kosa si la mashahidi, ni langu. Sikuuliza, nilikwenda na jibu mfukoni. Naomba unisamehe."

Mzee alikohoa, akafuta mdomo, akamtazama kama anavyotazama mto.

"Nimesikia," alisema.

Inspekta alisubiri. Halikuja jingine.

Alimrudisha mwenyewe kambini kwa gari. Kilomita moja kabla ya lango, mzee aligonga kioo kwa kucha.

"Nishushe hapa."

"Bado mbali, mzee. Kifua chako."

"Mke wangu aliniona nikiingizwa kwenye gari hili. Sitaki anione nikishuka."

Aliegesha pembeni. Mzee akashika njia kwa miguu, polepole, blanketi likiwa begani. Inspekta alifunga gari akamfuata, hatua mbili nyuma, kwa sababu hakuona haki ya kutembea bega kwa bega naye.

Chini ya turubai walikuwapo wageni saba au wanane, na watoto, wakinywa chai. Mpishi alitoka jikoni. Hakukimbia. Alikuja, akaishika mikono ya mumewe, akaigeuza, akaangalia vifundo vyake upande huu na upande ule, kisha akamwelekeza kwenye kiti.

Inspekta alivua kofia, akasimama pale pale alipokuwa amesimama na pingu.

"Naomba mnisikilize," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga. "Jumatano iliyopita nilimkamata mzee huyu hapa, mbele ya watu, nikasema alilala kazini na mtu akafa. Si kweli. Hakulala. Alifanya kazi yake. Nilimzushia."

Wageni walitazamana. Mwanamume mmoja aliweka kikombe chini. Mtoto mdogo alimuuliza mama yake, "Yule babu alifanya nini?" na mama akamnyamazisha, huku mwenyewe akimwangalia mzee kwa jicho jipya, jicho la kupima.

Mpishi alimsogelea Inspekta. Alizungumza chini chini, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomkata.

"Hawa wamefika jana, mwanangu. Hawakujua lolote. Wale waliomwona akifungwa walishaondoka, kila mmoja kwao, na hadithi yao mkononi. Sasa na hawa umewapa ya kwao."

Inspekta alisimama na kofia yake. Uso ulimwaka. Hakupata pa kuutazamisha, maana kila upande palikuwa na mtu, na kwenye kiti mzee alikuwa amefumba macho.

Baadaye alikwenda ofisini kwa Meneja, akaomba daftari la wageni wa wiki iliyopita. Majina kumi na tisa, na namba za simu. Alivuta kiti, akaketi, akapiga ya kwanza. Iliita kwa muda mrefu.

"Haloo," mwanamke alisema upande wa pili. "Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule askari wa kule mtoni," Inspekta alisema. "Nilimfunga mzee pingu mbele yako. Nina neno la kukwambia, kisha nitakuomba umwambie kila uliyemsimulia."

"Nimewasimulia wengi," mwanamke akasema.

"Najua," alisema Inspekta. "Nianze?"